Kopo la Saza

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Hamtazami, hataji jina lake, na akimwona anakuja njiani huingia kichakani hata kama kichaka chenyewe kina upupu. Siku hizi familia nyingi zimeulegeza mwiko huu, hasa mjini, ambako nyumba ina sebule moja na choo kimoja na kichaka cha kukimbilia hakuna. Baba mkwe wangu hajaulegeza. Alizaliwa Rungwe, akaletwa Saza mgongoni mwa mama yake wakati baba yake alipofuata kazi ya mgodi wa dhahabu, na maisha yake yote amekaa huku Chunya katikati ya watu wa kila kabila. Anasalimia kwa Kisafwa, anapatana bei kwa Kisukuma. Likija suala la mkwe, bado yuko Rungwe.

Basi ndivyo tunavyoishi. Mimi jikoni na koridoni, yeye sebuleni na barazani, katikati pazia. Nikiwa na neno la kumwambia namtuma kijana wangu wa kidato cha pili, na jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Nyumbani tunamwita Mkalimani. Ni mtoto mwenye akili, ila kila ujumbe unaopitia kwake hufika ukiwa umenenepa.

Balaa lilianzia kwenye daftari lake la historia. Alikuwa mezani akikariri kwa sauti viongozi wa Tanganyika, akafika kwa Rashidi Mfaume Kawawa, akasema, "Huyu ndiye wa Barabara ya Kawawa kule Dar."

Babu akaweka tonge chini. Akasema yeye alimwona Kawawa kabla hajawa barabara. Alimwona Saza, usiku, kwenye shuka jeupe, ametoka shamba kwenda mjini na mzigo wake begani, matapeli wakamzunguka wakamwibia, na watu wazima wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sinema yenyewe iliitwa Muhogo Mchungu.

Mkalimani akacheka. Baba yake naye, ambaye kwa umri wake angepaswa kujizuia, akacheka na kuuliza, "Mzee, waziri mkuu aigize vichekesho?" Mimi nyuma ya pazia nilijing'ata midomo. Mkwe hamcheki baba mkwe, na hata akicheka jambo jingine kabisa, hapaswi kusikika.

Mjukuu akachukua simu yangu, na bando langu, ili kumwaibisha babu yake kwa ushahidi. Ushahidi ukamgeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipatana na African Film Productions ya Johannesburg, ile kampuni iliyoanzishwa na tajiri Schlesinger, itengeneze filamu za Kiswahili zenye waigizaji Waafrika. Nyota wa filamu hizo akawa kijana mmoja wa ustawi wa jamii, mtu wa Songea aliyesoma Tabora. Mwaka 1952 akacheza Muhogo Mchungu. Akacheza pia Meli Inakwenda na Wageni Wema. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, yeye ndiye aliyekabidhiwa kiti. Wamarekani wanajulikana dunia nzima kwa kumchagua mwigizaji Ronald Reagan, aliyeapishwa mwaka 1981. Sisi tulikuwa tumeshawatangulia kwa karibu miaka 20, na kwa kosa la kutojisifu hakuna anayetutaja.

Mtu mwingine angeridhika kuthibitishwa hivyo. Babu hakuridhika. Aliyasikiliza yote, akanyoosha miguu, akasema, "Kama ipo, ileteni."

Kisha akagoma. Alitangaza kwamba hatatazama runinga tena mpaka Muhogo Mchungu ipatikane. Mgomo huo ungekuwa mwepesi kama Babu angekwenda kuketi kwingine, lakini alibaki pale pale kwenye kochi lake, ameipa runinga mgongo, na kwa heshima hakuna aliyethubutu kuiwasha nyuma ya kisogo cha mzee. Simba na Yanga wakacheza sisi tukisikiliza kelele za jirani.

Mwenye kumjua vizuri ni Bibi, na Bibi alisema tumpuuze. Kwa maelezo yake, Babu hakuiona ile sinema sawasawa. Magari ya sinema ya serikali yalipokuja, jenereta likaunguruma na shuka likafungwa kati ya miti miwili, wakubwa walikaa mbele na mtu wa maikrofoni akaeleza kinachotokea. Watoto waliokosa nafasi walikwenda nyuma ya shuka. Picha huonekana pande zote mbili, tatizo ni kwamba nyuma inakuwa imegeuka. Ndiyo maana Babu amekuwa akishikilia kwamba Kawawa alikula kwa mkono wa kushoto. "Waziri mkuu mzima Mwislamu," Bibi alisema, "ale kwa kushoto mbele ya watu? Wewe ulikuwa nyuma na wenzako mnapigana vikumbo." Babu akajibu kwamba alichokiona alikiona. Wamekaa kwenye ndoa miaka mingi kiasi hiki kwa sababu kila mmoja humwachia mwenzake neno la mwisho, akingojea kesho yake alichukue.

Mume wangu, kwa aibu ya kile kicheko, akaahidi mbele ya baba yake kwamba filamu itapatikana. Baada ya kuahidi akaenda zake kazini kwenye plenti, na kuitafuta nikabaki nayo mimi. Mimi ni wakala wa pesa za simu, kibanda changu kiko njia ya kwenda soko la madini, na hakuna mtu Chunya mwenye shida au habari asiyepita pale.

Nilianza kwa kijana mwenye kibanda umiza. Akasema Muhogo Mchungu ni kazi ndogo, nilete flashi. Jioni akanirudishia imejaa. Tukamgeuza Babu kwenye kochi, majirani wakaja, mimi nikavuta kigoda changu koridoni nikaacha upenyo wa pazia wa jicho moja. Runinga ikawaka kwa rangi zote, akatokea yule mchekeshaji wetu wa michezo ya runinga anayejulikana kwa jina la Muhogo Mchungu, amevaa koti pana na kumfokea mtu nje ya duka. Babu akatazama. Baadaye akacheka, maana jamaa yule anachekesha kweli. Alipokumbuka kwamba yuko kwenye mgomo akakasirika kwa kuchekeshwa, akatuma neno: "Mwambie mama yako huyu amezaliwa mimi nikiwa na ndevu." Kwa Mkalimani lilifika hivi: "Mama, Babu anasema umemdharau, na ndevu zake pia."

Tukaona basi tupandishe suala Dar es Salaam, kwa wifi yangu. Wifi ni mtu wa vitendo. Alizunguka ofisi moja baada ya nyingine, kila alipoingia akaambiwa dirisha sahihi ni la jengo lingine, na kila nauli ya daladala akaniandikia. Katika kuzunguka alikutana na mzee mstaafu aliyewahi kuendesha projekta za magari ya sinema, na huyo peke yake ndiye aliyetueleza jambo la maana. Filamu za magari zilikuwa kwenye mikanda ya milimita 16. Mkanda ule ukipita kwenye projekta kijiji baada ya kijiji, kwenye vumbi, unachubuka, unakatika, unaungwa kwa gundi, unakatika tena. Na ukiachwa stoo penye joto na unyevunyevu, plastiki yake huoza yenyewe. Dalili ya kwanza ni harufu ya siki. Mkalimani naye akachimbua kwenye simu kwamba hata kabla ya hapo, kati ya 1935 na 1937, Waingereza walikuwa na mradi kule Vugiri, kwenye milima ya Usambara, wakapiga filamu kama 35: ya kuweka akiba posta, ya kodi, ya minyoo. Zilizosalia ni tatu. Zetu zilipigwa na kampuni ya Johannesburg, na Tanganyika huru haikuchelewa kuwasusia Makaburu. Uende ukadai mkanda kwa nani?

Nilituma maelezo hayo yote sebuleni nikidhani yatampoza mzee. Jibu lilikuwa fupi: "Tatu zimesalia. Waliozitafuta hawakuchoka."

Ndipo wifi akampata mtu wa Kariakoo. Mtu huyo alisema anayo "ya Kawawa, ya zamani, orijino", akataka nusu ya fedha kwanza, halafu nusu nyingine kabla ya kupakia, halafu ya mfuko. Mimi ninayekaa kibandani kutwa nikiwaonya wachimbaji wasitume pesa kwa watu wasiowajua nilimtumia zote tatu, maana runinga ilikuwa imezimwa muda mrefu na nyumbani hapakaliki. Kifurushi kikapanda basi la Mbeya, kikashushwa stendi, kikapakiwa kwenye Noah, kikapanda ile milima na kuteremka kilomita 72 hadi Chunya kwenye mapaja ya abiria asiyemjua mtu. Tukakusanyika tena. Diski ilikuwa ya Kawawa, hilo siwezi kumsingizia muuzaji. Ilikuwa mazishi yake. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009 na kuzikwa Madale, na mtu alikuwa amerekodi matangazo ya siku ile kutoka kwenye runinga, na mtoto wake akipita mbele ya kamera.

Majirani waliokuja kucheka wakavua kofia. Babu alitazama mpaka mwisho bila neno. Bibi ndiye aliyeguna na kusema kwamba watu wa shamba tumetuma pesa mjini, watu wa mjini wamekula, sasa sinema mnayoitafuta mmeshaicheza, mnataka nini tena?

Ningeishia hapo kama si shemeji yangu. Huyu ni mdogo wa mume wangu, mchimbaji mdogo, mtu ambaye kila mwezi yuko hatua moja kutoka kwenye utajiri. Aliposikia tunatafuta mkanda akasema alikuwa Saza juzi, ambako siku hizi kuko Mkoa wa Songwe, na kuna watu wamebomoa stoo ya zamani ili wapate mabati. Mgodi wa Saza ulifungwa mwaka 1956, na vitu vya Wazungu vingine vimeachwa pale pale. Akarudi na kopo la bati, mviringo, pana kuliko sahani ya wali, limeshikana kwa kutu. Lebo ilikuwa imeliwa yote ikabaki namba 2.

Tulilifungua kwa bisibisi jikoni kwangu. Nyumba nzima ikanuka siki. Harufu ile iliingia kwenye unga, kwenye nguo za shule, kwenye chai ya asubuhi. Mgeni mmoja alinipongeza kwa achari. Ndani kulikuwa na mkanda uliojikunja na kunata, na nilipouona nilimwambia Mkalimani akimbie sebuleni aseme kuna kitu kimepatikana lakini hatujui ni nini. Alichosema alipofika hakuna anayekubali kukirudia. Babu alikuja jikoni mwenyewe, bila fimbo, na mimi nikatimua mbio kwa mlango wa uani.

Kwa hiyo sehemu hii niliitazama kupitia dirishani. Mkalimani alifungua mkanda kiasi cha urefu wa mkono, akauweka mbele ya tochi ya simu. Picha zenyewe ni ndogo, moja haifikii ukucha wa kidole gumba, na zilikuwa zimefifia zikawa rangi ya chai ya mkandaa. Akazipiga kwa kamera, akazikuza. Alionekana mtu amevaa kofia, mzigo begani, mdomo wazi. Uso hausomeki. Angeweza kuwa yeyote.

"Kawawa," alisema Babu.

Bibi akavaa miwani. "Huyo ni Mzungu amebeba gunia la simenti."

"Mzigo ameubeba kwa mkono upi?"

Mkalimani akaangalia. "Wa kushoto, Babu."

Sijawahi kumwona mzee akiwa na furaha ya namna ile. Alimtazama mkewe, akatazama mbingu, akamtazama mkewe tena. Alianza kueleza kwamba namba 2 ndiyo sehemu yenyewe, hapo ndipo anapofika mjini na kuanza kuibiwa. Bibi alimwacha amalize. Kisha akauchukua ule mkanda mkononi mwa mjukuu, akaugeuza upande wa pili, akauweka mbele ya tochi.

"Sasa?"

"Wa kulia, Bibi."

Wakaendelea hivyo mpaka tochi ikamaliza chaji.

Mpango wetu ulikuwa mzuri. Wifi amtafute tena yule mstaafu, atuambie mkanda uliooza huonwaje bila kuupitisha kwenye projekta, maana alishaonya kwamba ukishasinyaa mashine itaurarua. Kopo likafunikwa, likawekwa juu ya kabati. Lakini katika kueleza umuhimu wa kulitunza, Mkalimani alimwambia baba yake mdogo jambo alilolisoma: kwamba picha za rangi nyeusi na nyeupe kwenye mikanda ya zamani zimeundwa kwa madini ya fedha, na kwamba huko duniani filamu nyingi zimepotea si kwa kuoza bali kwa kuyeyushwa na watu walioitaka fedha hiyo.

Kumwambia mchimbaji wa Chunya maneno hayo! Mji huu umesimama juu ya wazo kwamba kila kitu, ukikisaga vya kutosha, kina kitu ndani yake. Watu wanasaga kwenye karasha mwamba ambao babu zao walishausaga, wanachenjua marudio ya marudio. Shemeji alisubiri mimi niende kibandani na wazee waende kanisani. Alilishusha kopo, akautumbukiza mkanda kwenye beseni la Bibi la kufulia, akamimina asidi ile wanayosafishia dhahabu.

Moshi wa kahawia uliwakimbiza kuku wote mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Shati jeupe la Babu la ibada za kwaya, lililokuwa kwenye kamba, likapata madoa ya njano ambayo baadaye yalifunguka yakawa madirisha. Shemeji hakutishika, akatia chumvi kama alivyofundishwa, likatulia tope jeupe chini, akalikausha, akalichoma kwa mtungi wa gesi. Alichokipata alikwenda nacho mwenyewe soko la madini kwenye karatasi ya sigara. Mnunuzi alikitazama kwa adabu, akasema wao hapo wananunua dhahabu.

Bibi alilia beseni. Mume wangu alitaka kumpiga mdogo wake. Babu aliomba kila mtu anyamaze, akahukumu kwamba mkosaji alete jogoo, na kwamba kabla jogoo hajaliwa atakaa chini aisikilize sinema aliyoiunguza, yote, tangu mwanzo.

Kilichookoka kilikuwa kile kipande cha urefu wa mkono, ambacho Mkalimani alikuwa amekikata na kukificha ndani ya atlasi, na picha zilizokuwa kwenye simu yangu. Yule kijana wa kibanda umiza, ambaye bado aliona haya kwa mambo ya flashi, akajitolea projekta yake ndogo, spika na maikrofoni. Jumamosi usiku tukafunga shuka uani, kati ya mwembe na nguzo ya kamba ya nguo. Majirani wakajaa, wachimbaji wakaja na mabuti yao, na shemeji akaketishwa mstari wa kwanza. Kwa kuwa baba mkwe alikuwa mbele na maikrofoni, mimi sikuwa na pa kukaa isipokuwa nyuma ya shuka, na watoto waliokosa nafasi.

Picha ikawaka: yule mtu mmoja, kofia, mzigo, mdomo wazi. Haikubadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Babu alisimulia juu yake. Alimtoa jamaa kijijini, akampandisha gari la moshi, akamshusha Dar es Salaam, akamwonyesha taa za barabarani, akamletea mtu wa kwanza wa kumwita "ndugu yangu, hunikumbuki?" Alifanya sauti ya tapeli, sauti ya polisi, sauti ya mwanamke wa hotelini. Nimewahi kuwasikia wale jamaa wanaotafsiri filamu za Kichina kwenye vibanda. Babu aliwazidi, maana wao angalau picha yao inacheza. Na huku nyuma nilikokaa, kwa hesabu zangu, mzigo ulikuwa kwenye mkono wa kushoto.

Alipofika pale tapeli anapojitolea kumbebea mzigo ili apumzike, na jamaa anamshukuru kwa heshima zote za kijijini, na tapeli anamwambia asubiri hapo hapo asisogee, kicheko kikanitoka. Si kicheko cha kuziba kwa khanga. Kilivuka shuka.

Uani pakawa kimya. Nikasikia maikrofoni ikikwaruza, halafu mnong'ono, halafu sauti ya Mkalimani kwenye spika, mtaa mzima ukisikia:

"Mama, Babu anasema usicheke bado. Hajaibiwa."

Watu walikuwa wananingoja. Nikamwambia mtoto aliyekuwa kando yangu apeleke jibu: mwambie huku nyuma ameshaibiwa zamani, wao mbele ndio wamechelewa.